SHELI YA UMEME NDANI YA KONTENA: IKIFIKA CHANZURU ITAKUWA YA NANI?

Leo naomba tuache kidogo mambo ya mpira na siasa za Dodoma, tuongelee kitu ambacho wengi wanakiona cha Wazungu na cha watu wa Masaki, lakini mimi nakiona kinakuja mpaka kwetu Kilosa. Naongelea vituo vya kuchajia pikipiki na magari ya umeme. Sio vile vya kujengwa kwa tofali na nondo mwaka mzima, bali vile vinavyotoka kiwandani vikiwa tayari, vinapakiwa kwenye lori, vinashushwa, vinaunganishwa na nguzo ya TANESCO, na kesho yake watu wanachaji. Kwa kifupi, sheli ya umeme ndani ya kontena.

Kwa nini naanza na Kilosa? Kwa sababu wilaya yetu iko kwenye hali ya ajabu. Treni ya umeme inapita hapa hapa. SGR ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma tarehe 25 Julai, na Rais Samia akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti 2024. Kilosa ina stesheni yake na milima yetu imetobolewa mahandaki manne. Nyaya za volti 25,000 zinapita juu ya vichwa vyetu. Lakini ukishuka stesheni unapokewa na bodaboda anayenunua petroli, saa nyingine petroli ya kwenye chupa ya maji ya Kilimanjaro iliyowekwa juu ya stuli kando ya barabara! Yaani umeme unapita, sisi tunaungalia tu kama abiria waliokosa tiketi.

Sasa swali langu sio kama vituo hivi vitakuja, maana kwa majirani vimeshafika. Swali ni vitakuja kwa masharti ya nani.

HILI KONTENA NI KITU GANI HASA?

Majengo ya kutoka kiwandani sio mageni kwetu. Wakati SGR inajengwa, kambi za wajenzi zilikuwa na ofisi na mabweni ya paneli, yanaletwa vipande vipande na kufungwa kwa boliti. Kazi ikiisha yanafunguliwa na kuhamishwa. Hata maduka ya kontena mnayaona kila stendi. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6 na kidogo na upana wa mita 2.44, na linaingia kwenye lori lolote la makontena kwa sababu vipimo vyake ni vile vile dunia nzima.

Kwenye kituo cha kuchajia, fundi wa kiwandani anatoboa kontena madirisha ya hewa, anaweka kinga ya joto kwenye kuta, anafunga swichi kuu, mita, vikata umeme, feni au kiyoyozi, vifaa vya kuzima moto na chaja zenyewe. Kila kitu kinajaribiwa kule kule kiwandani. Likifika kijijini kinachobaki ni kazi ya siku chache: zege la kulikalisha, waya wa kuzamisha ardhini kwa ajili ya radi na shoti, halafu TANESCO kuunganisha.

Faida yake mnaiona. Ukijenga kwa tofali unahitaji fundi mwashi, fundi umeme, saruji, maji, na mtu wa kulinda nondo usiku. Fundi anayejua kufunga chaja ya pikipiki hayuko kila wilaya. Ukimtumia mmoja pale kiwandani anafunga makontena mengi, badala ya kuzunguka nchi nzima akilipwa posho. Na kubwa zaidi, kituo kikikosa wateja Chanzuru kinaweza kunyanyuliwa na kupelekwa Dumila. Tofali halinyanyuki.

Kuna aina mbili, msizichanganye.

Ya kwanza ni ya kuchaji gari lenyewe. Unafika, unachomeka, unasubiri. Kwa soketi ya kawaida ya nyumbani unaweza kusubiri usiku mzima. Kwa chaja kubwa za kilowati 50 na kuendelea unasubiri chini ya saa moja au zaidi kidogo, kutegemea betri.

Ya pili ni ya kubadilisha betri, na hii ndiyo ya bodaboda. Dereva anafika na betri imeisha, anaichomoa, anaweka kwenye tundu, anachukua iliyojaa, anaondoka. Dakika mbili tatu hivi, sawa na kujaza mafuta. Kontena hapo linakuwa kama kabati kubwa lenye matundu, kila tundu na chaja yake.

Mimi naamini kwetu itaanza hii ya pili. Boda hawezi kukaa saa nne anasubiri chaji wakati abiria wanapita na bosi wake anasubiri hesabu ya jioni.

MAJIRANI WAMEFIKA WAPI?

Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza na pikipiki za umeme za biashara mwaka 2019, kwa mtindo huo huo wa kubadilisha betri. Serikali ya Rwanda ikaenda mbali zaidi: kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria inayosajiliwa Kigali lazima iwe ya umeme. Zile za zamani za petroli hazikunyang'anywa, lakini mlango wa mpya ukafungwa.

Kenya, Rais Ruto alizindua mpango wa pikipiki za umeme Mombasa mwezi Septemba 2023 pamoja na kampuni ya Spiro. Nairobi wapo Roam wanaotengeneza pikipiki, na BasiGo wa mabasi ya umeme. Lakini kitu kilichonivutia zaidi kule ni bei. Mwaka 2023 mamlaka yao ya nishati, EPRA, ilipitisha bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 za Kenya kwa uniti saa za kawaida na shilingi 8 saa ambazo watu hawatumii sana umeme. Yaani wanakuambia, ukichaji usiku wa manane tunakukatia nusu kwa nusu. Hilo nitalirudia.

Ethiopia nao mwezi Januari 2024 walipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Umeme wa maji wanao, fedha za kigeni za kununulia mafuta zinawapa shida. Wakapiga hesabu, wakaamua.

Na msidhani hii ya kubadilisha betri ilianza na pikipiki. Mwaka 2008 kampuni ya taa ya OSRAM ilifungua kituo cha jua pale Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, wavuvi wakawa wanakodi betri na taa za kuvulia badala ya kununua mafuta ya taa. Mvuvi anachukua iliyojaa jioni, anarudisha asubuhi. Ni wazo lile lile, ila siku hizi betri inafungwa kwenye pikipiki.

Na hapa Tanzania? Dar pikipiki na bajaji za umeme zipo barabarani. Kule Serengeti, mwaka 2018 kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kutumia gari la watalii la umeme, ambalo awali lilikuwa la dizeli, likabadilishwa kwa ushirikiano na Wafaransa wa Carwatt. Fikirini Mikumi sasa! Hifadhi iko wilayani kwetu, barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inaikata katikati, na bwawa la Kidatu lenye megawati 204 liko jirani tu. Gari la watalii haliendi mbali kwa siku, haliendi kasi, na usiku linalala kambini. Kama kuna sehemu ya kuweka kontena la kuchajia magari mkoa wa Morogoro, basi ni pale Mikumi, kabla hata ya mjini.

UMEME WENYEWE TUNAO?

Najua kuna mtu ashaanza kucheka: "Wewe dogo, umeme unakatika kila siku halafu unataka kuchajia magari?" Haki yako kucheka. Mgao wa mwaka 2023 hatujausahau. Na mwezi Agosti 2024 TRC wenyewe walitoa taarifa kwamba treni ilikwama kwa hitilafu ya umeme iliyosababishwa na ngedere na bundi. Nchi nzima ilicheka, sisi wa Kilosa tukasema jamani, hao ngedere ni ndugu zetu wa milimani.

Lakini tuwe wakweli. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024 na wa mwisho ukakamilika Aprili 2025. Uwezo wa mitambo yote nchini ukavuka megawati 4,000, wakati matumizi ya juu kabisa ya nchi yalikuwa karibu nusu ya hapo. Kwa hiyo siku hizi shida kubwa iko kwenye kuufikisha umeme, yaani nyaya, nguzo na transfoma za huku mwisho.

Na hapo ndipo hesabu ya kijiji inapoanza. Twende taratibu.

Transfoma nyingi za vijijini ni ndogo. Tuchukue ya kVA 50, ambayo kwa matumizi halisi inakupa kama kilowati 45. Mashine ya kusaga yenye mota ya nguvu ya farasi 20 inakula kama kilowati 15. Mashine mbili ni 30. Sasa leta kontena la betri 20, kila betri inachajiwa kwa kilowati 0.8. Hiyo ni 16. Jumla 46! Transfoma imejaa kabla hujawasha hata taa moja, friji ya baa, wala redio ya mzee jirani. Na ukileta chaja moja ya gari ya kilowati 50, hiyo peke yake inameza transfoma nzima ya kijiji na kudai nyongeza.

Kwa hiyo mwekezaji akija na kontena zuri lililopakwa rangi, swali la kwanza ni hili: UMEKUJA NA TRANSFOMA YAKO? Tena vijiji vingine vililetewa nyaya za njia moja, ambazo hata mashine ya kusaga ya njia tatu haifungiki. Kontena halitafanya muujiza pale.

Dawa nyingine ni kuchaji usiku. Kuanzia saa 4 usiku mashine za unga zimezimwa na watu wengi wamelala. Mpaka saa 12 asubuhi ni saa 8 nzima. Kenya wameweka bei ya nusu saa hizo makusudi, ili mtu asibanane na wenye nyumba. Kwetu mteja wa kawaida wa biashara, ule mkondo wa T1, kwenye Luku anatoka na kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na makato yote, iwe mchana au usiku wa manane. Mimi naona hili ndilo jambo EWURA na TANESCO wanaweza kulifanya bila kujenga kitu chochote: kuweka bei ya usiku kwa vituo hivi. Umeme wa Nyerere upo, usiku unakosa wa kuutumia.

HESABU YA BODA

Sasa tuje kwenye mfuko. Kaka yangu anaendesha boda ya mkataba, kila siku anapeleka elfu kumi kwa bosi, kwa hiyo hesabu hii naijua vizuri kuliko hesabu za kidato cha nne.

Tuseme boda anatembea kilometa 100 kwa siku. Pikipiki ya petroli inakwenda kama kilometa 40 kwa lita, kwa hiyo lita 2 na nusu. Bei ya petroli EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mwaka 2023 ilivuka shilingi 3,200 hata pale Dar, na huwa inapanda na kushuka. Tuchukue 3,000 kwa urahisi. Hiyo ni shilingi 7,500 kwa siku.

Pikipiki ya umeme inakwenda kama kilometa 25 kwa uniti moja. Kilometa 100 ni uniti 4, ongeza umeme unaopotea wakati wa kuchaji iwe 4.5. Mara 356 unapata shilingi 1,602. Tofauti ni karibu 5,900 kila siku! Kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya laki moja na nusu kwa mwezi. Bado sijagusa oili, plagi wala mnyororo.

Lakini ngoja... usianze kucheza. Hiyo 5,900 haiingii mfukoni mwa boda. Mwenye kontena hauzi umeme kwa bei ya Luku, anauza "kubadilishiwa betri". Tuseme (huu ni mfano wangu tu) anachaji 2,500 kwa betri ya kilometa 50. Mbili kwa siku ni 5,000. Boda ameokoa 2,500. Mwenye kontena, akitoa umeme, amebaki na karibu 3,400 kwa kila boda. Akiwa na boda 30, ni kama laki moja na elfu mbili kwa siku.

Ni wizi? Hapana, tusikimbilie kulaumu. Kwa boda 30 anahitaji betri 30 barabarani na nyingine 20 kwenye matundu, jumla 50, na betri ndiyo kitu cha bei mbaya kuliko vyote kwenye pikipiki ya umeme. Zinachoka, lazima zibadilishwe baada ya miaka kadhaa. Kuna kontena, mlinzi, kodi ya eneo, intaneti ya kufuatilia kila betri iko wapi. Ana haki ya kurudisha hela yake. Ninachosema ni kwamba ile tofauti kati ya petroli na umeme ni keki, na watu watatu wanaigombania: boda, mwenye kontena na mwenye pikipiki. Ikiwa boda hajui hesabu, atapewa makombo na kuambiwa ashukuru.

NANI ANASHIKA UFUNGUO?

Hapa ndipo nataka vijana wa vijiweni wanisikilize vizuri. Kwenye mfumo wa kubadilisha betri, pikipiki inaweza kuwa yako lakini betri sio yako. Betri ya kampuni moja mara nyingi haiingii kwenye kontena la kampuni nyingine. Ukinunua pikipiki ya kampuni fulani umeoa ukoo mzima. Wakipandisha bei, huna sheli ya pili ya kwenda. Na betri hizi zina chipu ndani, zinaweza kuzimwa kwa mbali kama hujalipa. Petroli ya chupa haina ubaya huo! Ukishaimimina ni yako.

Na je, kampuni ikifa? Sio ndoto, imeshatokea. Kulikuwa na kampuni ya Israel inaitwa Better Place, ilianzishwa mwaka 2007, ikakusanya zaidi ya dola milioni 800, ikajenga vituo vya kubadilishia betri za magari kabla magari hayajawa mengi. Yaliyouzwa hayakufika hata elfu mbili. Mei 2013 ikafilisika. Waliokuwa na magari wakabaki na vituo vilivyofungwa. Upande mwingine, Taiwan kampuni ya Gogoro ilianza mwaka 2015 na skuta, ikaenda nazo sambamba na vituo, ikafikisha vituo zaidi ya 12,000. Kinachowatofautisha ni kwamba mmoja alitanguliza nyumba kabla ya wapangaji, mwingine akaleta vyote pamoja.

Sisi watu wa Kilosa tunajua jambo likiondoka linaachaje mahali. Waulizeni wazee wa Kimamba habari za mkonge. Kontena lina sifa ya kunyanyuka, na sifa hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Kinachokuja kwa lori kinaondoka kwa lori.

MAJI NA JUA

Kuna mambo mawili ya kwetu ambayo mtu wa kiwandani Ulaya au China hayajui.

La kwanza ni mafuriko. Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, maelfu ya watu wa Kilosa wakakosa nyumba na kuishi kwenye mahema, reli ya kati ikakatika. Januari 2014 maji yakapiga Magole na Dumila. Kontena la umeme likikaa bondeni ni hatari kwa watu, sio hasara ya mwenyewe tu. Linatakiwa kukaa juu ya nguzo za zege, juu ya alama ya maji ya 2010. Wazee wanajua maji yalifika wapi, waulizwe kabla injinia hajachora. Hapo kontena lina faida kuliko nyumba ya tofali: kulinyanyua mita moja na nusu sio kazi.

La pili ni jua. Betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi joto 45. Wewe umewahi kukaa ndani ya duka la kontena saa 8 mchana mwezi wa Desemba? Basi unajua. Bila kinga ya joto, paa la pili la kivuli na feni, betri zitachoka haraka, na zikiharibika vibaya zinaweza kushika moto, moto ambao hauzimiki kirahisi. Kwa hiyo kontena lisibanwe kati ya duka la mitungi ya gesi na saluni. Liachiwe nafasi.

NA ARDHI JE?

Sehemu nzuri ya kituo ni barabarani, na hapo kuna mdudu anaitwa hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipeleka kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Wengi wanaijua kwa ile X nyekundu ukutani. Kontena X haiitishi sana, linabebwa, lakini zege, nguzo na transfoma havibebeki.

Nyuma ya hapo ni ardhi ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji, na wanakijiji kupitia mkutano mkuu wana sauti. Sasa jamani, mikutano mikuu tunahudhuria? Vijana tunakaa kijiweni, halafu tukisikia eneo limetolewa tunalalamika kwenye simu.

GESI AU UMEME?

Kuna wadau watasema nchi imechagua gesi asilia, kwa nini umeme. Kweli, Dar magari mengi yamebadilishwa kutumia gesi, na foleni zake kwenye vituo mmeziona. Lakini bomba la gesi linatoka Mtwara kwenda Dar, huku kwetu halipo. Umeme upo: vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimehesabiwa kuwa vimefikiwa. Kwa mtu wa Dar gesi inaweza kuwa jibu. Kwa mtu wa Chanzuru, waya umeshapita juu ya mwembe wake.

MIMI NASHAURI HIVI

Siku kontena likija, au hata kabla, mkutano wa kijiji uulize maswali matano:

1. Transfoma ni ya nani, na mzigo wake utaathiri mashine za unga na zahanati?

2. Litakaa wapi, na maji ya 2010 yalifika wapi hapo?

3. Kijiji kinapata nini? Kodi ya mwezi iliyoandikwa kwenye mkataba wa Kiswahili, sio ahadi ya madawati.

4. Bei ya kubadilisha betri inapandaje? Mtu asiamke tu asubuhi na kuongeza jero.

5. Kampuni ikiondoka, waliokopeshwa pikipiki wanabaki na deni au wanarudisha chombo?

Na kwa upande wetu, madereva wajiunge. Boda 30 ndio wanaolisha kontena moja. Boda mmoja akigoma hakuna anayejua, 30 wakisema hapana kontena linakuwa ghala la kuku. Chama cha madereva au SACCOS ikiwa na hisa kidogo kwenye kituo, hata kumiliki betri chache tu, tayari wana kiti mezani. Wakulima walishajua zamani kwamba ukipeleka gunia peke yako mnunuzi ndiye anayepanga bei.

Tena kuna kazi hapa kwa sisi tuliomaliza kidato cha nne na hatukuendelea. Kontena linahitaji mtu wa kulisafisha vumbi kwenye feni, kupima betri, kuandika hesabu, kutengeneza pikipiki zisizo na kabureta. VETA wakianza kufundisha ufundi wa pikipiki za umeme leo, kontena likifika litamkuta fundi wa hapa hapa. Wasipoanza, fundi atatoka Dar na posho yake, sisi tutapewa kazi ya kulinda geti.

Siipingi teknolojia hii, naitaka. Nataka boda wa Kilosa aache kununua mafuta ya meli kutoka Uarabuni wakati Rufiji inazungusha mitambo nchini kwetu. Lakini reli ya Mjerumani ilipita hapa kabla babu zetu hawajazaliwa, ikabeba mkonge na pamba, na wengi waliobaki kandokando yake walibaki kuuza ndizi dirishani. Sitaki kontena la umeme liwe hivyo hivyo.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Madereva wa boda mlioko Dar, Kigali au Mombasa ambao mmeshapanda hizi za umeme, tuambieni: betri inakaa kilometa ngapi KWELI ukiwa na abiria wawili na gunia la mahindi, na kubadilishiwa mnalipa shilingi ngapi? Na nyie wa Kimamba, Rudewa, Dumila na Mikumi, transfoma yenu ni kVA ngapi? Imeandikwa ubavuni, nendeni mkasome mkiwa mmesimama mbali, msipande! Halafu mniandikie hapo chini.